Kata Yetu ya Mviringo

Jumatatu, 6 Januari 1958
Nimemaliza shule Kaaga. Mwandiko mzuri, kazi sina. Baba anataka kuingia Baraza la Wilaya ili tupate daraja. Mwaka jana Mama aliteleza kwenye gogo la kuvukia mto akiwa na mzigo wa kuni, na mguu wake haujapona sawasawa. Lazima Baba ashinde. Kusema mbele ya watu siwezi. Kuchora naweza.

Lokesheni, eneo lote la chifu wetu, itagawanywa kata. Karani wa chifu, Bwana Mbae, anasema bwana DC, mkuu wa wilaya, hataki kata ndefu kama mjusi, anataka iliyokusanyika. Anayejua kuchora ampelekee mchoro Ijumaa. Cicily, niliyekaa naye dawati moja, tayari ananoa penseli. Mjomba wake, Mzee Munyi, anakitaka kiti hicho hicho.

Jumanne, 7 Januari
Nimevumbua kipimo! Zungushia kata duara dogo kabisa linaloitosha. Jaza duara punje za mahindi. Punje zinazobaki nje ya kata ni aibu yake. Zikiwa chache, kata ni nzuri. Zikiwa nyingi, ni mjusi.

Nimepima mgongo wetu wa mlima, kutoka msituni juu hadi mashamba ya pamba kule chini, anakokaa Nyanya na ukoo wote. Aibu tupu. Mjusi mwenye mkia.

Mama ameuliza mahindi ya chakula yanafanya nini kwenye karatasi. Nimesema ni hesabu.

Alhamisi, 9 Januari
Hila. Nimekata mkia, kisha nikaivusha kata ng'ambo ya mto ili inenepe. Kwenye ramani mto ni uzi wa wino tu. Sasa kata ni mviringo kama chapati.

Nikipanga punje, nimewaza: hizi ni watu. Wengine hawana cheti cha uaminifu kwa serikali, na bila cheti hawatachagua mtu, kata iwe duara au mjusi. Kipimo changu hakiwaoni. Nimekaa na wazo hilo hadi filimbi ya kafyu ya usiku ikalia. Halafu nimenyoosha ukingo wa kaskazini.

Ijumaa, 10 Januari
Nimeshinda! Bwana Mbae alimwaga punje mwenyewe, akatabasamu. Mchoro wa Cicily una pembe, aibu yake ilijaa kiganja. Nilitaka kumwambia neno kali. Nikamwambia pole.

Ajabu, hakununa. Aliutazama mchoro wangu, akasema mjomba wake atafurahi sana. Kijicho, nadhani.

Jumapili, 12 Januari
Baada ya kanisa Baba aliomba kuona ramani. Akaweka kidole ng'ambo ya mto, akauliza huku ni kwa nani. Nikajibu ni sehemu ya kunenepesha. Akasema ni kwa Munyi, na ndugu zake, na wakwe zake. Kidole kikateremka hadi nilipokata mkia. Nyanya nje. Wajomba nje. Rika la Baba lote nje.

"Mwanangu," akasema, "umenijengea boma zuri, ukamfungia chui ndani pamoja nami."

Hakufoka. Afadhali angefoka.

Nilikimbia kwa Bwana Mbae. Chifu ameshapiga muhuri.

Jumatano, 15 Januari
Siku ya kuchagua. Kila mtu husimama nyuma ya anayemtaka, na mkutano lazima uwe katikati ya kata. Katikati ya duara langu ni ndani ya mto, penye maporomoko. Bwana Mbae akausogeza hadi tambarare ya karibu. Ni malisho ya Mzee Munyi.

Watu wetu ilibidi washuke korongo, wavuke gogo, wapande tena. Wazee walichungulia chini, wakarudi nyumbani. Mama alivuka ameketi juu ya gogo, akijisogeza polepole.

Nyuma ya Munyi, mstari hadi kwenye migomba. Nyuma ya Baba: Mama, jirani mmoja, na mimi. Mimi sijafikisha umri. Bwana Mbae alinitoa kwa upole.

Mzee Munyi alishukuru, akaahidi barabara. Upande wake.

Tukirudi, Baba alimshika Mama mkono juu ya gogo.

Alhamisi, 16 Januari
Nimewaza kutwa nzima, na kosa nimeliona. Punje za mahindi ni kubwa mno, haziingii kwenye kona. Uchaguzi ujao nitatumia mawele. Mama amekataa kunipa yake. Kesho nitamwomba Nyanya, huko nje ya kata.