Maneno ya Fundi Bomba

Jumatatu, 3 Juni 2024

Watazamaji sita. Wawili walilala, mmoja aliingia kuchaji simu. Miaka kumi na moja natafsiri sinema hapa Lusahunga, maiki mkononi, koo limekwisha, na haya ndiyo malipo yake. Ng'ambo ya barabara Gozbert kaning'iniza televisheni pana kama mlango. Hatafsiri chochote. Anaacha watu wapigane kwa lugha yao na vijana wanashangilia! Hajui tofauti ya sinema na fujo.

Jovina kaniletea chai. Mgahawa wake umeegemea banda langu, kati yetu kuna bati moja tu lenye matundu ya misumari. Mhangaza wa Nyamiaga, hacheki ovyo, na ndizi zake na maharage madereva wanaziulizia tangu Rusumo. Nampenda mwaka wa tatu sasa. Sijamwambia. Maneno ya namna ile hayatolewi mabichi. Leo kasema Bukuru, yule mkulima wa Benaco anayemletea maharage, anataka kutuma watu kwao kumposa. Kasema hivyo, akasimama, akanitazama. Nikamwambia chai ina sukari nyingi. Ilikuwa nayo kweli.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata mpango! Jana dereva mmoja wa lori kaniachia flashi badala ya kiingilio. Nimeifungua asubuhi, banda likiwa tupu. Picha ya wakubwa. Nikazima. Nikawasha tena, kikazi.

Inasikitisha. Sizungumzii dhambi, maana nimetumikia altareni miaka sita na dhambi naijua. Nazungumzia hadithi. Hamna! Mwanamke ana bomba bovu. Fundi anabisha hodi. Anaingia, anachungulia chini ya sinki, anapewa glasi ya maji, na kabla hajayameza mambo yameshaharibika. Hajamuuliza jina. Hajaulizwa kwao wapi. Bomba lenyewe hakulitengeneza mpaka mwisho, linavuja tu. Nani anaishi hivyo?

Mpango ni huu. Nje naandika kwa chaki: PICHA YA WAKUBWA, SAA TISA ALASIRI. Madereva waingie. Ikifika penyewe nasimamisha picha kwa rimoti, iliyobaki namalizia kwa mdomo. Mtendaji wa kijiji akija anakuta picha ya bomba. Na aliyenyimwa hawezi kunishtaki, maana ofisini atasema kanyimwa nini? Akili mali.

Jumatano, 5 Juni

Watu thelathini na wanne! Mabenchi yalilia. Fundi kabisha hodi, banda likawa kimya utadhani kanisani. Kaingia. Kachungulia. Kapewa glasi. Hapo nikasimamisha. Glasi mkononi, bomba linavuja nyuma yake.

Kelele. Mmoja kaniita mwizi, mwingine kamtaja mama yangu. Nikashika maiki, nikasema jamani tulieni, huyu fundi mnamwona hana raha, mnajua kwa nini? Hawakujua. Hata mimi sikujua. Nikasema anaitwa Alfonsi. Nikasema mwanamke ni Klaudia, na Alfonsi anampenda miaka mitatu sasa. Na bomba lile haliharibiki lenyewe! Ni Alfonsi anayelilegeza kila anapoondoka, apate sababu ya kurudi. Utingo mmoja benchi la nyuma kasema, maskini.

Nikaendelea robo saa nzima, picha imesimama. Nusu yao waliondoka wakitukana. Nusu walibaki. Walipotoka Jovina kagonga bati, kauliza yule Alfonsi maji aliyanywa au hakuyanywa. Nikamwambia asikilize kesho. Sijapata kuulizwa swali tamu kama hilo maisha yangu yote.

Ijumaa, 7 Juni

Siku ya tatu, glasi ile ile. Madereva wa matusi wamehamia kwa Gozbert, na waende. Upande wa pili wa bati Jovina kaweka mabenchi mawili, wanawake wa sokoni wanakaa na vikombe wanasikiliza. Picha hawaioni. Wanadhani ni filamu ya heshima. Restituta wa kwaya kalia mpaka mtandio ukalowa. Kauliza kama naweza kuja kuitafsiri parokiani, ionwe na vijana wanaojiandaa kwa ndoa. Nikakohoa mpaka akasahau.

Shida ni mzee Ngassa. Msukuma, ana ng'ombe wa kufunika nusu ya Biharamulo, na akienda mnadani hupitia chai kwa Jovina. Leo kapiga bati kwa fimbo. Kauliza huyo Alfonsi yumo ndani ya nyumba ya mwanamke kwa idhini ya nani, na ng'ombe wako wapi? Nikamwamkia shikamoo kupitia matundu, nikamweleza kwamba hawa ni Wazungu. Kasema kwani Mzungu hana baba? Wanawake wote wakamuunga mkono. Ikabidi nimtoe Alfonsi nje kwa mdomo, wakati kwenye picha kasimama jikoni na glasi yake, watu wanamwona. Kesho anatuma washenga. Nimechoka kuliko aliyelima.

Jumamosi, 8 Juni

Gozbert kaiga! Kaandika nje: FILAMU YA MAPENZI, INATAFSIRIWA. Nikapita pale, kwa bahati tu, nikasikiliza dirishani. Maiki kaishika kama hindi la kuchoma. Kasema, anasema anampenda. Kisha kasema, na yeye anasema anampenda. Kisha kasema, wanaendelea. Mwisho wa tafsiri! Wateja wanane wamerudi kwangu kabla ya saa kumi. Siku njema, ingawa mgongo unauma.

Jumatatu, 10 Juni

Mahari imekula siku mbili. Baba yake Klaudia, niliyemtunga mwenyewe, ni mkorofi kupita kiasi, na mzee Ngassa kaahirisha mnada ili amsaidie. Kila nikipunguza ng'ombe anagonga bati. Mwishowe Alfonsi kasimama mbele ya wakwe, kasema sina ng'ombe wa kuwaridhisha, nina mikono hii tu, ila tangu nimjue binti yenu, nikisikia maji yanamwagika popote duniani namkumbuka yeye.

Safari hii Ngassa hakugonga bati. Kisha nikasikia Jovina anapenga kamasi.

Yale yalikuwa yangu! Miaka mitatu namsikia akisuuza vyombo nyuma ya bati, nami nakaa naacha sinema ijiendee. Bila shaka ameelewa. Mwanamke mwenye akili haambiwi mara mbili. Ila nimemwona Gozbert akinywa chai kwake, anamnong'oneza, kidole kinaelekea banda langu. Mnafiki mkubwa.

Jumatano, 12 Juni

Jovina kaingia bandani. Saa tano asubuhi, hakuna mtu, mikono ina unga. Kasema anataka kuiona hiyo picha. Nikamwambia umeme hautoshi. Kasema mbona taa inawaka. Basi nikamwonyesha glasi na bomba. Katazama, kisha kasema anajua hii ni picha ya namna gani. Madereva walimwambia siku ya kwanza ile, Gozbert kachelewa. Kasema haimsumbui, maana hajapata kusikia picha chafu yenye adabu kiasi hiki.

Kisha kauliza jambo moja tu. Haya maneno ya Alfonsi yamo ndani ya picha, au ni yangu?

Ee Mungu. Lakini mtafsiri ana miiko yake. Miaka kumi na moja sijakiri kwa binadamu yeyote kwamba naongeza hata neno. Nikamwambia yamo yote, dada Jovina, mimi natafsiri tu, neno kwa neno. Kasema, haya basi. Kajifuta unga kwenye khanga, karudi kwenye ndizi zake. Nadhani uaminifu wangu umemgusa.

Alhamisi, 13 Juni

Bukuru kaja. Kavua kofia. Mtu huyu akisema maneno kumi kwa siku ameropoka. Leo kasema karibu hamsini, na jasho lilimtoka. Jumapili wanakwenda Nyamiaga kwa mzee Faustini, baba mdogo wa Jovina. Kwao, kama kwa Wahangaza, mwoaji hajisemei, ukoo unasimamisha msemaji. Msemaji wao ni mjomba wake na mjomba kikohozi kimemlaza. Bukuru kasikia barabarani kwamba Lusahunga kuna mtu mwenye ulimi. Kasema, kaka Rogasian, nakuomba unisemee.

Mimi! Nilitaka kucheka, nikataka kulia. Nimekubali upesi mpaka kashtuka. Nimepata mpango mkubwa kuliko ule wa kwanza. Nitaharibu. Nitagugumia, nitachanganya majina ya marehemu wao, wakitaja ng'ombe nitapiga chafya. Mzee Faustini atawatimua na Jovina atabaki hapa hapa, nyuma ya bati. Nimefanya mazoezi ya kugugumia asubuhi nzima na naona nina kipaji.

Jumapili, 16 Juni

Ua wa mzee Faustini umefagiliwa, vibuyu vya rubisi, pombe ya ndizi, vimepangwa, wazee mbele, Jovina ndani na mashangazi. Nikasimama. Nikagugumia vizuri kabisa, kama nilivyopanga. Mzee Faustini kamgeukia jirani yake, kauliza kama huyu msemaji ni mzima. Jirani kacheka. Wakacheka wote, hata watoto.

Sikuvumilia! Watu sitini wamekaa mbele yangu wananisubiri, halafu nichekwe? Nikajikuta nimeshika mrija wa rubisi kama maiki. Nikasema jamani tulieni, huyu Bukuru mnamwona hana raha, mnajua kwa nini? Kimya. Ah, kimya kile! Nikasema maharage yake yangeuzika pale pale Benaco bila nauli wala vumbi, lakini miaka mitatu anayapeleka mbali kwa mama mmoja tu. Nikasema akishusha magunia husahau moja kwenye gari kwa makusudi, apate sababu ya kurudi. Bukuru kanitazama kama mtu anayesikia habari zake kwa mara ya kwanza. Nikasema na yale ya maji yanayomwagika. Nikasema na mengine ambayo hata Alfonsi sikumpa, niliyokuwa nimeyaweka. Yalitoka yote. Mzee Faustini kavua miwani. Shangazi Adelfina kapiga vigelegele kabla ya wakati. Walipunguza ng'ombe wenyewe, sijaomba!

Ndipo akaitwa Jovina akubali au akatae. Hakumtazama Bukuru. Kanitazama mimi. Kauliza taratibu, mbele ya wote, kama msemaji ana lake mwenyewe la kuongeza.

Ua mzima ukanigeukia. Nikafungua mdomo. Safari hii hapakuwa na fundi, hapakuwa na Bukuru, hapakuwa na wa kumsemea. Sikupata neno. Mimi, wa maneno yote yale, hata moja! Nikasema nimetumwa tu, sina la kuongeza. Jovina kainamisha kichwa, kasema amekubali. Wakashangilia. Bukuru kanikumbatia, analia machozi ya kweli, nami nikampigapiga mgongoni. Nimepewa mguu wa mbuzi, kama ilivyo haki ya msemaji. Nimeula wote njiani kurudi. Naumia. Naandika hivyo kwa sababu hakuna anayesoma humu.

Jumatatu, 5 Agosti

Wamefunga ndoa Jumamosi. Mgahawa umepangishwa kwa mtu wa vocha za simu. Nyuma ya bati sasa ni mlio wa simu tu kutwa nzima.

Nimekaa kutafuta kosa lilikuwa wapi, na nimelipata. Ni ile picha. Mwanamke wa Lusahunga anachota maji kwa ndoo, fundi bomba anamhusu nini? Nilikosea flashi! Juzi dereva mwingine kanipa nyingine ya wakubwa, daktari na mgonjwa. Hadithi hamna hata humo, dakika mbili tu na koti limeshavuliwa, lakini kuna mahali pazuri pa kusimamisha, daktari anaandika cheti. Kwenye cheti naweza kuandika chochote. Nilifikiri daktari nimwite Rogasian. Nikaona ni kujitangaza. Nimemwita Laurenti.

Bukuru kapita leo na gunia la maharage, zawadi. Kakaa, kazungusha kofia, kisha kasema nyumbani wakishakula hana la kuzungumza na mke wake, na mke wake anamtazama kama anayesubiri kitu. Kaniuliza kama nisingependa kuhamishia banda Benaco, kule hawana mtafsiri. Chumba kashanitafutia, nyumba ya tatu kutoka kwao. Nimempigia simu mwenye chumba papo hapo, nikamuuliza kama mtu akisema humo ndani sauti inafika mpaka uani kwa Bukuru. Kasema inafika vizuri sana. Nahamia Jumamosi.