Malkia Mwenye Ndevu

Jumatatu, 3 Juni
Mke wangu amebakiza pambano moja tu, la joka, amalize mchezo wake wa kompyuta. Miezi yote hii anamlea yule malkia shujaa wake kama kitinda mimba! Jumamosi dada yake anakuja kushuhudia. Mimi nimeombwa jambo moja: nisiguse kitu. Kompyuta ikikwama, ataitwa kaka yao, shemeji yangu, fundi wa friji. Friji! Mimi humu ndani ni pambo? Nimeamua. Nitaupendezesha mchezo kimyakimya, hadi waulize nani kafanya.

Jumanne, 4 Juni
Mama watoto yuko kazini. Nimepakua modi, vile vinyongeza wanavyovitengeneza wapenzi wa mchezo: mvua mpya, magamba ya joka, ndevu za kifalme, kuku wanono wa kijijini. Pia programu ya kuzipanga. Nimezipanga kiungwana, wakubwa mbele, wadogo nyuma. Joka juu kabisa, kuku mkiani. Programu ikatoa onyo jekundu. Nimelifunga. Halina adabu.

Jumatano, 5 Juni
Mchezo unafunguka, unazimika. Nimeitoa mvua. Ukakubali! Nikashangilia, nikahifadhi. Kisha joka likatoka pangoni.
Kuku. Mkubwa kama ghorofa, anatema moto. Na malkia ana ndevu hadi kifuani!
Nikang'oa modi zote. Loo! Safari ya mke wangu, ile hatua aliyoifikia na kuihifadhi mchezoni, ikagoma kufunguka, eti bila ndevu haiendi. Kumbe nilihifadhi juu yake, na ya zamani haipo. Nimezirudisha mbio mbio, jasho chapachapa.

Alhamisi, 6 Juni
Kiburi nimekimeza, nimempigia shemeji. Kacheka mpaka mteja wake akauliza kuna nini. Akaniuliza, shem, kwenye sherehe mgeni rasmi husema mwanzo au mwisho? Mwisho, nikajibu. Basi na modi ni vivyo hivyo, akasema, wa mwisho ndiye mwenye neno. Wewe kipaza sauti umempa kuku. Nilipomweleza habari ya kuhifadhi, hakucheka tena. Aliuliza kama nina pa kulala. Akanielekeza: joka lishuke chini ya kuku, ndevu nisithubutu kuzigusa. Nitafanya kesho.

Ijumaa, 7 Juni
Mke wangu kafanyia kazi nyumbani. Kaikalia kompyuta kutwa! Nimezunguka sebuleni kama paka aliyenusa samaki. Kaniuliza kama nina minyoo.

Jumamosi, 8 Juni
Kafungua mchezo. Nikautazama mlango.
Halafu dada mtu akaanguka kwenye kochi kwa kicheko. Mke wangu akamuuliza malkia, mwenzangu, ndevu umeota lini? Akaingia vitani. Manyoya juu, moto chini! Kuku kalala chali. Wakakumbatiana, wakarukaruka. Mke wangu kasema hajawahi kufurahi hivyo na mchezo wowote. Nikakohoa, nikajiweka sawa. Akachukua simu, akampigia kaka yake kumshukuru: vituko kama hivi nani mwingine angeviweza? Na yule fundi wa friji akapokea shukrani zote!

Jumapili, 9 Juni
Mke wangu kaanza safari mpya. Kaniapisha nisiguse kompyuta yake. Sijaigusa.
Shemeji kaja na ya kwake wacheze pamoja, kaiacha mezani, kakimbilia kwa mteja. Nimechungulia tu. Modi zimetapakaa ovyo, wakubwa kwa wadogo! Mtu kanisaidia, nami nisimfadhili? Nimempangia upya zote. Mgeni rasmi wake sikumjua, nikakisia. Nimehifadhi.