Kompyuta Iwekwe Karantini

Fundi Ndunda aliujua ugonjwa kabla hajaketi. Pembeni mwa skrini ya Mama Kamanthe tarehe ilionyesha mwaka 2011, ndiyo maana antivairasi ilikuwa imechanganyikiwa na kugoma kufanya kazi. Kurekebisha tarehe ni kubonyeza mara tatu tu, na fundi mwaminifu angebonyeza, akanywa chai, akaenda zake. Ndunda alikuwa na mipango mikubwa zaidi. Kompyuta ilikuwa nzuri, na kule Kangundo mnunuzi alikuwa akiisubiri.

Akaiunganisha na laptop yake kwa waya, akakunja uso kitaalamu, akamwita mama kwa Kikamba.

"Mwaitu, hii iko mgonjwa sana. Virusi. Imekula mpaka antivairasi."

"Woi. Na inaambukiza?"

"Sana. Kitu yoyote imeguza hii inashika. Wacha nibebe nikaiweke karantini kwa ofisi, siku kumi na nne."

Ofisi yenyewe, kwa wasioifahamu, ilikuwa mkoba wa mgongoni.

Masikini Ndunda hakujua kwamba mama huyu alikuwa nesi kwa miaka thelathini. Neno karantini lilimwinua kitini kana kwamba ameitwa wodini. Aliingia chumbani, akarudi amevaa glavu.

"Hiyo laptop yako si imeguza yangu?"

"Kidogo tu, mwaitu."

"Na simu yako umeichajia kwa hiyo laptop?"

Ndunda alitazama waya wa simu. Waya haukuweza kukana.

"Mgonjwa hatolewi nje akaambukize watu," alisema Mama Kamanthe, akichomoa nyaya zote. "Hizi zako zinalala kwa stoo yangu."

"Lakini yangu iko na kinga."

"Si umesema inakula kinga?"

Hapo Ndunda alinaswa. Akikiri kwamba hakuna virusi, kompyuta ameikosa. Akishikilia kwamba vipo, laptop inayomlisha inafungiwa. Kabla hajachagua, alisikia kufuli la stoo likibana. Simu ilikuwa humo pia.

Mama Kamanthe alirudi akivua glavu, utadhani ametoka kuzalisha.

"Chini ya hiyo laptop yako kuna karatasi imebandikwa, imeandikwa Mwalimu Wayua, Ekalakala. Nilikuwa zahanati ya huko, watoto wake wawili nimezalisha mimi. Aliniambia kuna fundi alibeba laptop yake karantini, hajamuona tena. Nampigia aje na risiti. Wewe uko na yako?"

Ndunda alikumbuka ghafla kwamba anachelewa mahali.

Mama Kamanthe alivaa miwani, akashika kipanya, akabonyeza mara tatu. Alama nyekundu ya antivairasi ikageuka kijani.

"Mwana wakwa, nesi hampi mtu dawa kabla ya kusoma tarehe," alisema. "Ilikuwa 2011. Nilikuita unionyeshe tu mahali pa kubonyeza, lakini nimepaona mwenyewe."

Ndunda alisimama mlangoni, mkoba ukiwa mwepesi mgongoni.

"Mwaitu, basi nipe hata simu."

"Siku kumi na nne," alijibiwa.