Siku Jukwaa la Cherehani Lilipohama

Jumanne, 4 Machi
Siku ya ishirini na tatu ya ndoa. Mume wangu kaniambia wakati wa chai kwamba jukwaa la mafundi cherehani la mtandaoni linahama, na yeye ndiye atakayelihamisha. Wenye seva ya zamani wanaizima Jumamosi saa sita mchana. Miaka kumi na miwili ya maswali na majibu ya mafundi elfu sita, yote yavuke kabla ya hapo. Nikauliza yatabebwa na gari gani. Akacheka mpaka akapaliwa. Hata kupaliwa kwake kunapendeza.

Msimamizi wa jukwaa ni wifi, dada yake. Ana nyota tatu pembeni ya jina. Nazitaka. Nitafanya jambo kubwa kwenye uhamisho huu, atake asitake.

Alhamisi, 6 Machi
Saa tatu asubuhi mume wangu kalifunga jukwaa. Watu wasome, wasiandike. Kanieleza taratibu: kitakachoandikwa baada ya kunakili kitabaki seva ya zamani na kuzimwa nayo. Nilisikia kila neno. Nilikuwa natazama kope zake, lakini nilisikia.

Kisha akabonyeza. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Humo ndani, akasema, mna kila kola iliyowahi kumshinda mtu. Nikamshika bega, nikakaa kimya dakika arobaini, jambo ambalo mama yangu hatalisadiki.

Kunakili kulipoisha akaenda kazini, nami nikafungua kufuli la seva ya zamani. Nywila ni tarehe ya harusi yetu, nani angejizuia? Nikaweka shairi la kumsifu, beti tisa na picha. Wajue wanahamishwa na nani. Kufuli nikasahau kulirudisha.

Ijumaa, 7 Machi
Wifi kapiga simu. Kaanza na “wifi yangu mpenzi”, nikajua kuna balaa. Kumbe jukwaa likihama, kwa siku mbili hivi simu za watu wengine hufungua nyumba mpya, yaani seva mpya, za wengine bado ya zamani. Wa kule wanauliza wenzao wako wapi. Wa huku wanauliza hivyo hivyo. Jukwaa moja, sebule mbili, hakuna anayemsikia mwenzake. Nilistaajabu hadi nikasahau kujitetea.

Sebule ya zamani, niliyoifungua mimi, ina ujumbe mpya mia nne na kumi na mbili. Sita ni za Babu Pindo. Mzee huyu ameahidi kwa miaka tisa kueleza anavyokata koti lisilo na mshono mabegani. Jana kasoma shairi langu, moyo ukamlainika, akaandika hatua zote sita kwa kidole kimoja, kila hatua ujumbe wake. Macho yanamwishia. Hakuna mwingine anayejua.

Mume wangu hakufoka. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kunakili upya kungefuta yaliyoandikwa nyumba mpya. Basi ni kwa mkono, mmoja mmoja.

Jumamosi, 8 Machi
Tukagawana, mimi na wifi. Akasema tuanze na Babu Pindo. Nikajitolea hizo sita. Ila kwanza shairi langu, maana ndilo lililotangulia. Picha ikakataa kukaa wima. Nikahangaika nayo hadi saa tano na nusu.

Saa sita kamili, ukurasa mweupe. Miaka yote ile, kimya. Nililia kidogo, kwa ukubwa wa jambo.

Ujumbe mia nne na kumi na moja umevuka. Hatua ya nne ya Babu haikuvuka.

Wifi akasema hana neno. Kisha akasema maneno kama dakika ishirini.

Jumapili, 9 Machi
Babu Pindo kapiga simu mwenyewe. Kuandika tena hatua ya nne hawezi, lakini ataisema, na aandike yule binti wa shairi. Wifi karibu aanguke.

Mume wangu akanipa kalamu, akakaa mbele yangu. Shati jeupe, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko. Babu akasema polepole, kama anayekabidhi funguo za nyumba. Kitambaa kikunjwe mara ngapi, mkasi uanzie wapi. Nikaandika nikiwa nimejaa heshima, nikapandisha jukwaani papo hapo.

Jioni fundi mmoja kaweka picha. Koti lake lina mikono mitatu.

Wifi anataka nimpigie Babu nimuulize upya. Nimekataa, mzee apumzike. Nimewajibu mafundi wote elfu sita kwamba ndivyo Babu anavyokata, asiyeelewa aangalie vizuri. Chini yake nikaongeza beti mbili kuhusu mikono ya mume wangu. Ni miwili tu, lakini mikono ile!