Mwezi wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Shajara yangu, salamu. Hujambo? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila nyumba imepoa. Mke wangu yuko kwao tangu nilipobadilisha kitanda chetu kwa kiti cha kinyozi, kile kinachozunguka. Nilidhani atafurahi! Mama mkwe ameapa harudi mtu. Na mwanyumba wangu, seremala aliyemwoa shemeji yangu, kampelekea mama kabati. Mimi kinyozi nimpelekee nini? Nywele?

Jumatano, 5 Juni

Mungu hamtupi mja wake! Leo nimemnyoa mwalimu wa sayansi. Povu mashavuni, akasema umeonekana mwezi mpya, unaizunguka ile sayari kubwa kuliko zote, mbali huko. Jina hauna, una namba tu. Nikamuuliza kama jina la mama mkwe lingefaa. Akasema kupendekeza si dhambi. Basi! Seremala ataona cha mtema kuni.

Ijumaa, 7 Juni

Nimesali sana. Mwalimu amekubali kuja ukweni Jumapili, aueleze mwezi kitaalamu. Nimemwahidi ndevu za bure mpaka astaafu.

Jumapili, 9 Juni

Aibu! Tulifika baada ya ibada. Nikatangaza kwamba nimempa mama mwezi wenye jina lake. Mama akatabasamu. Mke wangu akachungulia kutoka jikoni, akatabasamu na yeye. Nilikuwa nimeshashinda! Lakini nikamwambia mwalimu aendelee, asifiche kitu. Naye kuficha hajui. Akasema ni mdogo, kama kilima. Mweusi kama mkaa. Umbo la kiazi.

“Kiazi?” akauliza mama.

Mwalimu akasema naam, tena kilichobonyea. Halafu haukuzaliwa pale, ulikuwa ukizurura huko angani, sayari ikaunasa. Na mwendo wake ni kinyume: miezi mikubwa inakwenda huku, wenyewe kule.

Mama akaniuliza kama huyo kiazi mzururaji ndiye yeye. Nikajibu, kwa heshima zote, kwamba walau anakaa mbali. Seremala alicheka mpaka akajishikiza kwenye kabati lake. Mlango wa jikoni ukafungwa pu!

Jumanne, 11 Juni

Shemeji kapita na ujumbe. Mama hataki mwezi wala nini. Niende mwenyewe, nikae chini, niseme samahani. Mke wangu atarudi nami siku hiyo hiyo.

Samahani tu? Mikono mitupu? Masikini, mama wa watu anaona haya kudai kikubwa. Nimemwelewa. Mwezi ulikuwa mdogo mno! Nimerudi kwa mwalimu. Anasema ipo nyota yenye mkia. Chafu kidogo, vumbi na barafu, huja mara moja na kupotea miaka mingi. Lakini mkia, shajara! Kabati lina mkia?

Nishauri: nimtangazie mbele ya ndugu tu, au niite na majirani? Nijibu upesi.