Samaki Saba Chini ya Blanketi la Harusi

Jumanne, 6 Mei 2025

Siku ya kumi na moja ya ndoa! Bado naandika "Bi. Peterson" kwenye pembe za gazeti, na gazeti likijaa nahamia kalenda. Mume wangu ameondoka asubuhi kwenda Doldol kuchanja ng'ombe. Hadi Jumapili! Ameniachia samaki wake saba kwenye tangi la kioo, hapa chumbani, maana anapenda kulala akiwatazama. (Wao kwanza, kisha mimi. Sina wivu.) Yule mkubwa wa rangi ya chungwa alimpa jina langu, Mbula, kabla hata hajanichumbia. Nani mwingine amewahi kupendwa hivi?

Shida ni wifi yangu Shiku, dada yake. Ana saluni hapa Nyeri na analitaka tangi hilo liwafurahishe wateja. Jana alisema mbele yangu kwamba mtu aliyekulia kwenye ukame wa Kitui atajulia wapi samaki. Peterson akacheka, akasema haya, akifa hata mmoja, tangi liende saluni. Peterson alikuwa anatania. Shiku hakuwa anatania.

Jioni. Mvua, upepo, mkaratusi umeangukia nyaya. Stima imepotea mtaa mzima. Hita ya samaki kimya. Pampu ya hewa kimya. Na baridi hii ya Nyeri!

Jumatano, 7 Mei

Mafundi wanasema siku tatu. Shiku amepiga simu: saluni ina jenereta, niwapeleke samaki huko. Nimemwambia kwetu stima iko, tena inawaka vizuri kabisa. Uongo mdogo, kwa ajili ya ndoa.

Mpango! Harusini tulipewa mablanketi kumi na matatu na themosi tisa. Nimelivisha tangi mablanketi manne, na kila saa naongeza maji moto kidogo kutoka kwenye themosi. Hewa je? Nimeazima pampu ya baiskeli kwa jirani yetu, Koplo Maxwel. Aliuliza baiskeli iko wapi. Nikasema ni mazoezi ya mikono. Ameandika kitu kwenye daftari.

Napampu mara mia huku nikiimba wimbo tulioingia nao kanisani. Samaki wanacheza! Sikujua nina akili hivi.

Alhamisi, 8 Mei

Gesi imeisha. Themosi zote zimepoa. Mbula (samaki) ameanza kulala ubavu. Mbula (mimi) amelia kidogo.

Kisha wazo likaja. Akina mama wa kanisa walipanga kuja Jumamosi kumwona bibi harusi. Nimempigia mwenyekiti wao, Mama Magdaline, nikamwambia siwezi kungoja, nawapenda mno, waje kesho. Na kwa kuwa gesi imeisha, kila mmoja aje na themosi imejaa. Amefurahi sana. Themosi kumi za maji moto zinakuja zenyewe kwa miguu!

Ijumaa, 9 Mei

Walifika wakiimba. Na Shiku katikati yao. Hakuwa kwenye hesabu yangu. Nikatabasamu, nikapokea themosi yake kwanza, kubwa kuliko zote, nikakimbia nayo chumbani. Nikainua pembe ya blanketi, nikamimina taratibu, gizani, hadi tone la mwisho.

Nikasikia harufu ya tangawizi.

Siku tatu nilikuwa nawaza maji tu, hadi nikasahau ninaishi wapi. Ni mama gani wa Nyeri atakayekwenda kumwona bibi harusi na themosi ya maji matupu? Ilikuwa chai. Ya maziwa. Sukari ndani.

"Wifi, chai yangu iko wapi?" Shiku alikuwa mlangoni.

Nikafunua blanketi. Tukatazama pamoja. Sikuwaona samaki, niliona mikia tu. Nikangoja aseme tangi sasa ni lake. Lakini yeye alikuwa anaitazama themosi mkononi mwangu, yenye jina lake ubavuni, kwa rangi ya kucha.

"Peterson akijua ni chai yangu, hataongea na mimi tena," akasema polepole. "Lete kichujio."

Tukawavua kwa kichujio cha chai, mmoja mmoja, hadi kwenye beseni la harusi lenye maji safi. Sebuleni akina mama walikuwa ubeti wa nne. Tukatokea mlango wa jikoni. Boda boda, Shiku na beseni mapajani, mimi nyuma yake na mwavuli. Saluni, sinki la kuoshea nywele, jenereta ikinguruma, maji vuguvugu. Mbula akalala ubavu. Akalala. Kisha akapepea mkia!

Mteja mmoja aliomba asioshwe nywele, atazame tu. Nikamkumbatia Shiku. Akaniambia nisizoee.

Jumapili, 11 Mei

Stima ilirudi jana. Tulisugua tangi mara tatu, mimi na wifi yangu mpenzi, tukawarudisha. Na leo jioni, Peterson! Vumbi la Doldol hadi kwenye nyusi, mkononi asali, na mzuri kupita siku ya harusi. Akahesabu samaki: saba. Akanikabidhi asali yote.

Kisha akainama juu ya tangi, akanusa, akauliza mbona maji yananukia tangawizi. Shiku akasema ni mvua. Mimi nikasema ni mapenzi. Alikubali la mapenzi.

Basi imethibitika: nina kipaji cha kulea viumbe bila stima. Nimeagiza vifaranga hamsini wa siku moja. Watafika Jumatano, Peterson akiwa kazini Nanyuki, nataka ashtuke kwa furaha. Muuzaji anasema wanataka balbu moja tu, iwake usiku na mchana. Ikizimika, mablanketi ninayo. Nimeshamwomba Mama Magdaline warudi Ijumaa na themosi zao zimejaa. Sikuhitaji kumweleza zijae nini. Sasa tunaelewana.