Mwenyekiti wa Idara na Mbuzi kwenye Tawi Moja

Jameni, leo uso wangu umebaki Thika. Nyumbani Gitothua nimerudi bila huo.

Asubuhi nilikuwa natetea mradi wangu wa panzi chuoni. Nikianguka, nangoja mpaka mwakani, na mama ashaambia kanisa lote kwamba namaliza. Kazi yenyewe: unaijazia programu sifa za mwili, nani ana mabawa marefu, mguu wa nani una miiba, nayo inachora mti unaoonyesha nani ametokana na nani. Ni programu huria, haina malipo (kwa hivyo hata wa kumlaumu sina).

Sasa, programu mpya unaijaribu kwanza na viumbe unaowajua. Wengine hutumia ndege. Mimi nilitumia walimu wangu. Kipara, kitambi, ndevu. Programu hutaka pia kiumbe wa ukoo wa mbali wa kulinganishia. Nikaweka mbuzi. (Msiniulize.)

Leo kabla ya kutoka nikamfungulia Shiro, ninayeishi naye, huo mti wa walimu. Tukacheka mpaka chai ikapoa.

Kumbe programu hufungua yenyewe faili ya mwisho! Nikasimama mbele ya walimu watatu, mgongo kwa ukuta ulioonyesha mti, nikatangaza kwa madaha: "Huyu wa chini kabisa ndiye hajabadilika sana."

Mwalimu mmoja akaelekeza kidole ukutani.

Nikageuka. Chini kabisa, jirani na mbuzi: Daktari Njoroge, mwenyekiti wa idara, aliyeketi hapo mbele yangu. Woiye! Nilitamani sakafu inimeze.

"Wambui," akasema polepole, "ni nini imenipeleka huko?"

"Ni ndevu, sir."

"Ndevu peke yake?"

"Nilizijaza mara tatu, sir. Urefu, mvi, na ile ncha."

Mwalimu Mutiso, kando yake, alikuwa ameinamia meza kwa kicheko.

"Sifa moja huwezi kuihesabu mara tatu," Daktari akasema. "Jaza mara moja, tuone."

Nikajaza mara moja. Mti ukajichora upya. Daktari akapanda juu kwa wenzake. Aliyeshuka kwa mbuzi ni Mutiso, maskini, hana kipara wala kitambi, kama mbuzi tu.

Sasa akacheka Daktari, mpaka akavua miwani. "Hii programu iko sawa kabisa! Haya, tuonyeshe panzi."

Nikawaonyesha. Na kumbe miiba ya panzi pia nilikuwa nimeijaza mara tatu.

Nimepita, jameni! Nina furaha hadi natembea nikiimba. Kuna marekebisho kidogo tu, na wa kuyapitisha ni Mwalimu Mutiso. Tafadhali, mtu asicheke.